Toroli Kabla ya Semina: Tuliyojifunza Kwenye Mashamba Madogo ya Nairobi

Ploti ya futi 50 kwa 100, ile inayoitwa eka moja ya nane, ina mita za mraba 465. Toa nyumba, choo, banda la kuku, kijia na mahali pa kuanikia nguo, unabaki na mita 300 za kulima, na hapo umebahatika. Hilo ndilo shamba la mkulima mdogo wa Dagoretti, Kikuyu au Ruai. Miongozo ya kilimo endelevu humfikia ikiwa na hesabu za hekta: mboga za majani zitiwe tani 20 za mboji kwa hekta. Tani 20 zinasikika kama habari ya mashamba ya matajiri, lakini ukizigawa ni kilo 2 kwa kila mita ya mraba, yaani kilo 600 kwa hizo mita 300, kila msimu. Toroli iliyojaa mboji hubeba kilo 50 hivi. Basi ni toroli 12 za masika na 12 za vuli.

Mradi unaoanza bila kuuliza toroli hizo 24 zitatoka wapi huishia kwenye picha nzuri. Tumeshiriki miradi ya aina hiyo, na kasoro yake haikuwa elimu. Wakulima walielewa mboji ni nini siku ya kwanza. Bibi zao waliijua kabla ya sisi kuzaliwa. Kilichokosekana ni malighafi, maji na mikono ya kufanya kazi.

Tuanze na malighafi, maana ndipo watu wengi hudanganyika. Sokoni Kangemi, Kawangware au Marikiti majani ya kabeji na maganda yamelundikana, na ya bure. Mtu akiyaona hufikiri amepata mgodi. Lakini jani la kabeji ni maji kwa zaidi ya sehemu 9 kati ya 10. Chukua tani nzima ya takataka hizo: maji yakitoka inabaki kama kilo 100 ya kitu kikavu. Lundo likiiva, karibu nusu ya hicho huliwa na vijidudu na kupotea hewani. Ukirudisha unyevu wa kawaida wa mboji, mkononi una kilo 100 hivi. Tani moja ya kubeba, toroli mbili za kutumia. Mkokoteni wa kuleta tani hiyo unalipiwa, na bado hujachambua karatasi za plastiki, wembe, vijiti vya mishikaki na vipande vya chupa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, lakini ukifungua lundo la sokoni leo bado utatoa nyuzi za magunia na vifungashio hadi uchoke.

Kwa hiyo majani ya sokoni yanafaa kama kiungo, si kama chakula chenyewe. Uti wa mgongo wa lundo ni vitu vikavu: mabua ya mahindi, nyasi kavu, majani makavu ya migomba, maganda ya maharagwe. Mwenye ng'ombe wa kulishwa zizini yuko mbele ya wote. Ng'ombe mmoja hutoa samadi mbichi kilo 20 au zaidi kwa siku, na mabaki ya malisho anayoyakanyaga yakiwa yamelowa mkojo ni dhahabu ambayo wengi huifagia nje. Asiye na ng'ombe hana budi kupatana na jirani mwenye ng'ombe mapema, kabla mwenye gari hajafika kununua samadi yote. Mapatano hayo huchukua dakika kumi kwenye kikao cha chama na huokoa msimu mzima, ila kwenye ratiba za mafunzo hatujawahi kuyaona yakitengewa nafasi.

Vumbi la mbao nalo lina mitego miwili. Kwanza, kaboni yake ni nyingi mno: uwiano wake na naitrojeni hupita 300 kwa 1, wakati lundo linataka 25 hadi 30 kwa 1. Ukijaza vumbi, lundo linakaa mwaka likiwa vilevile, na ukilitia shambani linafyonza naitrojeni iliyokuwa ya mboga, sukuma wiki inageuka njano. Tabaka jembamba kama la unga juu ya samadi ya kuku linatosha, kwa kuwa samadi ya kuku ina naitrojeni kupita kiasi na vumbi huishika isiruke. Pili, uliza vumbi limetoka mbao gani. Mbao na nguzo zenye rangi ya kijani zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa huwa na shaba, kromi na aseniki. Vumbi la mbao hizo lisiingie shambani hata kidogo.

Lundo lenyewe tunalijenga hivi. Chagua kivuli, karibu na maji, mbali na ukuta wa nyumba. Pima mita 1.5 kwa 1.5, likiwa chini ya mita 1 kila upande halitashika joto. Chini weka matawi yasiyo laini kwa kimo cha sentimita 15, hewa ipite. Kisha vitu vikavu sentimita 20, vibichi 10, samadi 5, na juu yake konzi chache za udongo wa juu wa shamba. Nyunyizia maji kila tabaka. Tunasisitiza kila tabaka, kwa sababu ukingoja hadi mwisho ndipo umwage mitungi mitatu juu, maji yatateremka pembeni na katikati pabaki pakavu kama pa ghalani. Mabua yakatwe vipande vya kiganja. Mabua mazima huacha mapengo, joto likatorokea humo. Endelea hadi kimo cha mita 1.2 au 1.5, funika kwa majani ya migomba, kisha choma fimbo ndefu kwa mshazari hadi katikati.

Majivu watu huyamwaga kwa ndoo wakidhani yanaongeza nguvu. Yanaongeza potasiamu, kweli, lakini yakizidi yanafukuza naitrojeni kwa njia ya hewa ya amonia. Nyunyiza tu kama chumvi kwenye chakula.

Fimbo ndiyo daktari wa lundo. Siku ya nne ichomoe uishike sehemu iliyokuwa ndani. Ikiwa moto kiasi kwamba huwezi kuikumbatia kwa kiganja ukahesabu hadi tano, joto ni kama nyuzi 60, na hapo mbegu za magugu na minyoo mingi vinakufa. Ikiwa ya baridi na kavu, lundo lina kiu. Ikiwa ya baridi na inateleza, na inanuka kama yai viza, maji yamezidi na hewa hakuna. Lifumue, changanya mabua makavu, ulijenge upya. Ikinuka mkojo mkali unaochoma pua, samadi imezidi, hasa ya kuku, na kinachonuka ni naitrojeni yako inayoondoka. Kuna dalili nyingine wanaoanza huishangilia: unga mweupe kama majivu katikati ya lundo. Hao ni vijidudu wa kwenye joto kavu, na maana yake ni kwamba lundo linaungua bila maji. Geuza, nyunyiza.

Maji ya kutosha ni yapi? Chukua konzi moja kutoka ndani, ifinye kwa nguvu. Likidondoka tone moja au mawili katikati ya vidole, sawa. Ikitiririka, yamezidi. Ukifungua kiganja na lile donge likavunjika papo hapo kama unga wa chapati usiokandwa, yamepungua.

Lundo hugeuzwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili au tatu, joto likishaanza kushuka: ya nje yaingie ndani, ya ndani yatoke nje. Hugeuzwa tena baada ya wiki tatu. Kugeuza lundo la ukubwa huo ni kazi ya asubuhi nzima kwa watu wawili wenye forki, na hapa ndipo mboji nyingi hufia. Kuna wakulima wanaoamua wasigeuze kabisa, wakaliachia lundo miezi sita badala ya mitatu. Hatuwalaumu, kama una nafasi ya malundo mawili, subira ni rahisi kuliko mgongo. Ila lundo lisilogeuzwa halichemki pembeni, basi usitie humo magugu yenye mbegu wala mimea iliyougua.

Kujua kama imeiva, jaza kopo moja, panda mbegu kumi za maharagwe. Yakiota vizuri na majani ya kwanza yakafunguka sawasawa, tumia. Majani yakijikunja na kusinyaa kama yamechomwa, kuna shida mbili zinazowezekana: mboji bado mbichi, au nyasi ulizotumia zilitoka shamba lililopigwa dawa ya magugu. Subiri mwezi, upande tena. Yakijikunja mara ya pili, mboji hiyo peleka kwenye nyasi za mifugo au chini ya miti, usiitie kwenye nyanya wala maharagwe.

Sasa tarehe. Mboji inachukua miezi mitatu, na kwenye baridi ya Juni hadi Agosti, Limuru na Kikuyu, huchukua zaidi. Masika huanza Machi. Kwa hiyo lundo la masika hujengwa Desemba, na lundo la vuli hujengwa Juni. Pesa za miradi mingi hazijui kalenda hiyo. Bajeti inapitishwa Januari, fedha zinafika Machi, semina inafanyika Aprili mvua ikinyesha na mkulima akiwa tayari amepanda. Anapewa daftari, chai na mkate, anaambiwa ajenge lundo. Ajenge la nini? Mabua aliyalisha mifugo Februari. Tungekuwa na uwezo wa kubadili jambo moja tu kwenye miradi hii, tungebadili mwezi wa kutoa fedha, kabla ya kugusa mtaala.

Na saa pia. Mama mboga huamka saa kumi usiku kwenda Marikiti au Githurai, hurudi kupanga kibanda, na wateja wake wakubwa huja jioni watu wakitoka kazini. Mkutano wa saa nne asubuhi humpata yuko huru kidogo. Wa saa kumi jioni humkuta kwenye sufuria ya kukatakata sukuma. Aliyepanga mkutano jioni hujaza ukumbi kwa watu wasiolima.

Mtindo uliokaa vizuri zaidi ni wa shamba darasa, ulioanzia Indonesia mwaka 1989 kwenye mashamba ya mpunga na kufika kwetu miaka ya tisini. Watu 20 hadi 30 hukutana kila wiki, msimu mzima, shambani si ukumbini. Siri yake iko kwenye kulinganisha: nusu ya kitanda cha mboga kwa njia ya kawaida, nusu kwa njia mpya, na wenyewe wanapima majani, wadudu na mavuno. Kikundi kinachoona kwa macho yake kwamba kitanda cha mboji kilikaa siku tatu zaidi bila kunyauka hakihitaji mhadhara. Udhaifu wake ni huohuo: wiki 14 za kukutana ni kazi, na mradi ukianza kulipa nauli ya kuhudhuria, watu wanakuja kwa nauli. Siku nauli inapokatika, na darasa limekatika.

Maji yana hesabu kali kuliko mboji. Mboga kwenye jua la Nairobi la Januari na Februari hunywa karibu lita 4 kwa mita ya mraba kwa siku. Mita 300 ni lita 1,200, ambazo ni mitungi 60 ya lita 20. Mtungi ukiuzwa shilingi 10, ni shilingi 600 kila siku ya Mungu, na hakuna sukuma wiki ya kurudisha pesa hizo kwenye ploti ya eka moja ya nane. Ndiyo maana tunashauri wakati wa kiangazi eneo la mboga lipunguzwe hadi mita 40, ambazo ni mitungi minane, na sehemu nyingine ifunikwe kwa nyasi ipumzike au ibaki na viazi vitamu. Mkulima huona kama anashindwa. Anaokoa: mita 40 zilizonyweshwa vizuri huzaa kuliko 300 zinazolilia maji.

Paa la mabati la mita 6 kwa 8 likipata mvua ya milimita 10 hukusanya lita 380 hivi, baada ya kutoa ya kumwagika. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iachwe ipite, maana inaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Makosa tunayoyakuta ni ya fundi: mtaro uliolazwa sambamba bila mteremko, maji yanasimama na kumwagikia katikati, bomba la kuingilia jembamba, tangi linajaa nusu huku mtaro ukifurika, na tangi lililowekwa juu ya udongo mtupu, likizama upande mmoja hadi linapasuka.

Ndoo ya matone ilisambazwa sana nchini tangu miaka ya tisini: ndoo ya lita 20 juu ya kigingi cha mita 1, mabomba mawili ya mita 15 yenye matundu. Ni kitu cha akili. Kwa nini basi nyingi ziko stoo? Tundu moja hufungwa na mchanga, kisha la pili, mkulima anaona mimea kumi imekauka na mingine inaogelea. Kitambaa cha kuchujia kingetosha, kikifuliwa kila siku ya tatu, na ncha za mabomba zifunguliwe mara moja kwa wiki ndoo ikiwa imejaa ili uchafu usukumwe nje. Vipuri navyo: kiungio cha bomba kikivunjika huku duka la mtaani halina, ndoo inarudi kuwa ndoo ya kufulia. Kabla ya kugawa chochote chenye kipuri, nenda duka lililo umbali wa kutembea uone kama kipuri kipo.

Maji ya kufulia yanaweza kumwagiliwa kwa zamu, kitanda hiki leo na kile kesho kutwa, yasiguse majani, na yasitumike kwa mboga za kuliwa mbichi. Chumvi ya sabuni hujikusanya, na kwenye udongo mweusi huugandisha mapema. Maji ya Mto Nairobi na Mto Ngong, na ya mabomba ya maji taka yaliyozibuliwa makusudi, ni habari nyingine. Yana rutuba, hilo hatubishi, ndiyo maana mboga zake hunawiri. Mayai ya minyoo hupungua ukiacha kumwagilia wiki mbili kabla ya kuvuna, na kupika hukamilisha kazi. Madini ya risasi na kadmiamu hayapungui kwa kungoja, kuosha wala kuchemsha. Mwenye shamba la kandokando ya mto apande maua, miche ya miti au malisho yasiyoliwa na ng'ombe wa maziwa. Na mradi unaotaka alime mboga umletee kwanza maji mengine. Sheria ya kilimo cha mjini ya Kaunti ya Nairobi ya mwaka 2015 iliruhusu kilimo na wakati huohuo ikakiwekea masharti, na sharti la maji ndilo ambalo wengi hulipuuza.

Udongo wa Nairobi ni wa namna mbili kubwa, na mbinu moja haifai kote. Magharibi, Dagoretti, Kabete, Kikuyu, ni mwekundu, mzito kiasi, unapitisha maji. Huko vitanda vya kuchimbwa kina cha sentimita 60 na kujazwa mboji hufanya kazi nzuri. Mashariki, Ruai, Embakasi hadi Kitengela, ni mweusi wa mfinyanzi. Kiangazi hupasuka mianya ya kuingiza mkono, masika huvimba na kuzuia maji. Kuna vikundi vilivyofundishwa kuchimba vitanda hivyohivyo vya kina kwenye udongo mweusi. Aprili vikawa vidimbwi, mizizi ikaoza. Udongo mweusi hutaka kitanda kilichoinuliwa sentimita 20 hadi 30 na mfereji wa kutolea maji. Kiangazi mfereji huohuo unazibwa ushike kidogo kilichopo.

Udongo mwekundu una ugonjwa wake: uchachu. Mvua nyingi na miaka ya mbolea ya DAP huuongeza, na pH (kipimo cha uchachu, ambacho hushuka uchachu ukizidi) ikiwa chini ya 5.5 fosforasi inashikwa na alumini na chuma, mmea hauifikii. Mkulima hununua mfuko mwingine wa DAP. Bei ya mbolea ya ruzuku ilishushwa hadi shilingi 3,500 kwa kilo 50 mwaka 2022, kisha 2,500 mwaka 2023, na unafuu huo ulisaidia wengi. Lakini mfuko wa bei nafuu kwenye udongo mchachu bado ni pesa iliyozikwa. Pima kwanza. Maabara ya KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, iko Kabete, kando ya Waiyaki Way. Tembea shamba kwa kona-kona, chimba sehemu 10 hadi 15 hadi sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi ya plastiki. Ndoo ya bati huharibu kipimo cha zinki. Chukua nusu kilo, anika kivulini. Usichote palipokuwa zizi wala jalala la majivu, vinginevyo utapewa majibu ya zizi. Ikishauriwa tani 2 za chokaa ya kupunguza uchachu kwa hekta, kwa mita 300 ni kilo 60, mfuko mmoja na kidogo. Itangulie kupanda kwa wiki tatu au zaidi, ichanganywe na udongo wa juu sentimita 15, na isitiwe siku moja na samadi, maana itaifukuza naitrojeni.

Lakini mpangaji wa shamba afanye hayo kwa nini? Chokaa huzaa matunda yake kwa miaka kadhaa, na anayekodi kwa msimu anamtengenezea mwenye shamba. Kila mara tumeona wapangaji wakikataa chokaa, matuta na miti, maafisa wanasema watu ni wagumu wa kuelewa. Wameelewa sana. Mpangaji mpe vitu vinavyohamishika, gunia likiwa la kwanza.

Bustani za magunia zilienea Kibera mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, shirika la Ufaransa la Solidarités International lilipozisambaza. Tumia gunia la kilo 90. Weka mkebe usio na vitako katikati, ujaze kokoto, zunguka kwa mchanganyiko wa udongo ndoo 3 na mboji ndoo 1, kisha vuta mkebe juu na kurudia hadi kileleni, ubaki na nguzo ya kokoto katikati ambayo maji hupitia. Acha litulie siku tatu ukilimwagilia. Watu huruka hatua hii, wanatoboa siku hiyohiyo, udongo unashuka na miche inaning'inia. Matundu yawe umbali wa sentimita 20, yapishane kama matofali, na mche uingizwe mizizi ikielekea chini. Sukuma wiki 40 zinaenea. Lita 5 hadi 10 kwa siku, nusu ya asubuhi na nusu ya jioni, zimwagwe kwenye kokoto. Miche ya chini ikinyauka huku ya juu ikiwa imenona, nguzo imeziba udongo. Gunia la nailoni nalo huliwa na jua. Baada ya mwaka hivi linachanika lenyewe, kwa hiyo lifunike kwa gunia kuukuu upande wa magharibi.

Mbinu nzuri ikihamishwa bila hesabu inakuwa mzigo. Mfano ni ule wa kusukuma na kuvuta wadudu uliobuniwa na icipe, taasisi ya wadudu yenye makao Kasarani, pamoja na washirika wake. Desmodiamu katikati ya mahindi hufukuza nondo wa funza wa mabua na kuua gugu la striga. Nyasi kama brakiaria pembezoni humvuta nondo. Kule Vihiga na Siaya ambako striga inamaliza mahindi, ni ukombozi. Sasa ilete kwenye shamba la mita 15 kwa 20. Mistari mitatu ya nyasi kwa nusu mita, kisha nafasi ya mita moja kabla ya mahindi: umekata mita 2 kila upande. Yanabaki mahindi ya mita 16 kwa 11, ambazo ni mita 176 kati ya 300. Striga hata haipo Kikuyu. Mwenye ng'ombe anapata malisho ya nyasi na desmodiamu, hesabu inageuka, afanye. Asiye na ng'ombe ametoa mita 124 sadaka. Na anayefanya ajue desmodiamu huchelewa: mbegu zake ni ndogo kama za mchicha, changanya na mchanga, fukia sentimita 1 tu, palilia wiki ya tatu na ya sita kwa mkono. Wengi huilima wakidhani ni gugu.

Kwa mtu wa mboga, tunashauri kienyeji kwanza. Terere (mchicha) huvunwa wiki ya nne, managu (mnavu) wiki ya sita, kunde zinajipatia naitrojeni zenyewe. Sukuma hungoja zaidi na kuliwa na vidukari. Soko la mboga zisizo na kemikali lipo, na alama ya Kilimohai ya Afrika Mashariki, iliyoanza 2007, hupatikana hata kwa vikundi ambavyo wakulima wake hukaguana wenyewe. Ila hulipa pale tu mnunuzi anapoiangalia. Kibandani kwa mama mboga mteja huangalia ukubwa wa fungu.

Kwa anayeanza bila ng'ombe na mboji chache, usitawanye. Kwenye zile mita 40 za kiangazi, sukuma wiki kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 45 ni mashimo 148. Gorogoro (kopo la kupimia nafaka) ya mboji ina kilo moja na nusu hivi. Igawe mashimo matano, changanya na udongo wa shimo, panda jioni, mwagilia, funika kwa nyasi ukiacha upana wa vidole vinne kuzunguka shina ili sota, funza wanaokata miche, wasijifiche hapo. Gorogoro 30 zinamaliza kitanda chote. Hiyo ni toroli moja.